Mwaka Niliomwagilia Nyumba

Nianze kwa kujitetea, maana najua mtanicheka. Mimi nimeendesha lori zaidi ya miaka thelathini. Njia ya Tabora nimeipita wakati ni vumbi tupu, ya Sumbawanga nimeipita wakati tope linafika kwenye bampa, na siku zote nilirudi nyumbani na lori zima na mzigo mzima. Injini naijua kwa kuisikiliza tu. Lakini bustani? Bustani mimi nilikuwa naijua ikishafika kwenye sahani. Mboga inaletwa, imeungwa kwa karanga, nakula, nashukuru, naenda zangu. Imetoka wapi, imenyweshwa na nani, hayo sikuyauliza.

Bustani ilikuwa ya mke wangu. Tunakaa Nsemulwa, hapa hapa Mpanda, na kiwanja chetu si kikubwa. Ila nyuma ya nyumba kuna kipande cha ardhi kati ya jiko la nje na bafu, na hicho kipande kimelisha watoto wetu wote mpaka wakaondoka kwenda kwenye maisha yao. Sasa tumebaki wawili. Tangu wajukuu waanze kuzaliwa yeye ananiita babu na mimi namwita bibi, hata tukiwa peke yetu, hata tukigombana. Hasa tukigombana.

Masika ya mwaka huo bibi aliteleza bombani akiwa na ndoo kichwani, akavunjika mguu wa kulia, chini kidogo ya goti. Plasta ilikaa wiki nyingi, ikatolewa, na daktari akamwonyesha picha ya mfupa kwenye mwanga. Akamwambia, "Mama, mfupa umeunga vizuri kabisa. Sasa dawa iliyobaki ni kutembea. Kila siku, hata kidogo kidogo. Ukikaa mpaka mvua zianze bila kutembea, goti litakaza, na likishakaza ndiyo basi tena." Akapewa fimbo, nzuri, ya mti mzito, yenye mpini wa kushikia. Bibi akasema, "Nimesikia daktari, asante." Tukarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti chake kibarazani nyuma, fimbo akaiegemeza ukutani. Na hapo ukutani ndipo ilipobaki.

Si uvivu. Mwanamke huyu uvivu haujui. Aliogopa. Akitaka kwenda chooni alinishika mabega kwa mikono yote miwili, anatetemeka, jasho linamtoka, na akirudi anashusha pumzi kama mtu aliyevuka mto uliojaa. Nilimbembeleza. Nikamletea soda, nikaiweka mwisho wa kibaraza, nikamwambia aifuate. Akasema hana kiu. Siku nyingine nikapandwa na hasira, maana hasira zangu haziko mbali, nikafoka, "Bibi, unataka mguu ukauke uwe fito?" Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Mguu ni wangu au wako?" Nikaenda kuosha baiskeli ambayo haikuwa chafu. Ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa naogopa. Niliona siku zinakwenda, mvua zinakaribia, na kile kiti kinazidi kumzoea.

Ikafika Septemba. Hata tone moja halijadondoka tangu Mei, vumbi linaingia mpaka kwenye kopo la chumvi, lakini miti ya porini kule pembeni ya mji inaanza kutoa majani mapya, mekundu, bila kumsubiri mtu. Bibi anasema hiyo ndiyo kengele yake. Akiyaona majani mekundu anaanza kuandaa bustani, ili mvua ya kwanza ikute miche iko tayari. Mwaka huo aliyaona akiwa kwenye kiti. Asubuhi moja nipo nakunywa chai, akasema, "Babu, chukua jembe."

"Mimi?"

"Kwani kuna babu mwingine humu ndani?"

Nikachukua jembe. Siku ya kwanza nikapiga matuta manne, marefu, yamenyooka kama lami mpya, nikayainua juu vizuri, kisha nikasimama nimeshika kiuno nikisubiri sifa. Bibi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Babu, hayo ni matuta au makaburi? Kiangazi chote hiki unainua udongo juu, maji yatakaa wapi? Yatateremka yote yaende kwa jirani. Bomoa!" Kumbe kwenye ukame kitanda cha mboga kinazamishwa, hakiinuliwi. Unachimba chini kidogo, kingo unaziacha juu, na maji ukiyamwaga yanabaki humo humo kama uji kwenye bakuli. Nikabomoa, huku nanung'unika kwa sauti ya kutosha kusikika.

Mbolea tuliletewa na jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mama mmoja Msukuma. Familia yake ilihamia huku na ng'ombe zamani, na zizi lao liko nje ya mji. Alifika na mkokoteni, anasalimia kuanzia mbali, "Mwangaluka mayu!" Mayu kwao ndiyo mama, na hivyo ndivyo anavyomwita bibi siku zote. Mimi nikakimbilia koleo, nikataka kuimwaga ile mbolea moja kwa moja kwenye vitanda vyangu. Wakapiga kelele wote wawili kwa mpigo. Mbolea mbichi! Inaunguza! Ikabidi niirundike chini ya mpapai, niiloweshe, niifunike kwa nyasi ioze taratibu, nichukue ile ya mwaka jana iliyokwisha kuwa udongo mweusi. Jirani akatikisa kichwa, "Mayu, huyu dereva umempa gari bila leseni." Walicheka sana. Mimi nilicheka baadaye, nikiwa bafuni peke yangu.

Kidogo kidogo nikaingia kwenye kazi. Alfajiri naenda kuchota maji na baiskeli, madumu manne, maana bomba la kwetu linatoa siku linapotaka. Maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi, yanakwenda kwenye vitanda. Nilikuwa namwagilia kwa kopo la maziwa nililolitoboa matundu kwa msumari, asubuhi jua halijatoka na jioni likishapungua makali. Kitalu nikakijengea kichanja kwa fito, nikakiezeka nyasi, miche isiungue. Halafu siku moja nikakuta mchicha umeota. Mstari mzima, mwekundu mwekundu chini, mdogo hata hauonekani ukisimama. Jamani, nilipiga magoti pale chini kwenye vumbi nikawa nautazama kama mtu aliyezaliwa jana. "Bibi! Umeota!" Akasema, "Ulitaka ufanye nini?" Lakini niliona anatabasamu.

Hayo yote, hata hivyo, yalikuwa maandalizi tu. Kitu chenyewe kilikuwa ngogwe.

Ngogwe za sokoni mnazijua, zile nyanya chungu nyeupe, kubwa kubwa, hazina habari yoyote mdomoni. Za mama mkwe wangu zilikuwa nyingine. Ndogo, zina michirizi ya kijani, zina uchungu kidogo, ukizipika na dagaa unaomba ugali mara ya tatu. Alizilima kijijini kwake Litapunga maisha yake yote na mbegu alizipata kwa mama yake. Alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya hapo. Dada zake bibi, mmoja baada ya mwingine, mbegu ziliwapotea. Na za kwetu zilizokuwa bustanini, mbuzi walizimaliza mpaka shina wakati tukiwa hospitali na ule mguu. Zilibaki zile alizoziweka akiba tu. Aliniambia siku moja nikiwa napalilia, wala hakuniangalia, "Babu, hizi zikipotea, ndiyo basi, chakula cha mama sitakionja tena." Nikamwambia hazitapotea. Nilisema kwa kujiamini kabisa, kama kawaida yangu.

Sasa nije kwenye aibu yenyewe.

Siku moja mchana jirani alikuwa amekuja kumsuka bibi. Bibi ameinamisha kichwa kati ya magoti ya mwenzake, haoni kitu zaidi ya sakafu. Mimi nikamwambia mchwa wameanza kupanda ukuta wa nyumba, na wakimaliza hapo watashuka kwenye kitalu. Akasema kutoka huko huko chini, "Chukua majivu jikoni uzungushie nyumba. Hawapendi majivu."

Nikaenda jikoni. Majivu ya kwenye mafiga yalikuwa bado na moto, yamejaa vipande vya mkaa. Lakini nyuma ya mafiga, kwenye kona, nikaona chungu cha zamani kimefunikwa kwa kigae. Nikafunua. Majivu! Tena makavu, laini kama unga wa sembe, yamechekechwa. Nikasema moyoni, angalia mwanamke alivyo na mpangilio, mpaka majivu anayachekecha na kuyahifadhi. Nikakikumbatia kile chungu, nikatoka nacho, nikaanzia kona ya jiko. Nikafuata ukuta wa pembeni, namwaga kwa mkono, mstari safi, mpaka nikafika kona ya mbele inayoangalia barabara. Pale chungu kilikuwa kinaisha. Kwenye konzi za mwisho niliona vipunje vidogo vidogo, bapa, vimepauka. Miwani nilikuwa nimeiacha ndani. Nikajua ni makapi ya ufuta. Nikakigeuza chungu, nikakigonga makalio ili kisibaki na kitu, na ukuta uliobaki nikaumalizia kwa majivu ya mafigani yalipopoa. Chungu nikakirudisha kwenye kona yake, nikakifunika na kigae vizuri, maana mimi ni mtu wa utaratibu.

Kesho yake asubuhi bibi yuko mchangamfu, nywele zimesukwa, akasema, "Babu, leo tunasia ngogwe za mama. Nenda jikoni, nyuma ya mafiga kuna chungu cha majivu. Kilete hapa."

Nikasimama pale pale nilipokuwa.

"Chungu cha majivu cha nini?" nikamuuliza, na sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

"Mbegu ziko humo. Wewe umekaa na mimi miaka yote hii hujui mbegu zinalazwa kwenye majivu? Wadudu hawaingii. Mbegu chini, majivu juu, unafunika. Mama ndivyo alivyotufundisha wote."

Nikaenda jikoni. Nikafunua kigae, kana kwamba ningeweza kukuta zimerudi. Hakuna kitu. Kile chungu kilikuwa kisafi hata kuku asingepata cha kudonoa. Nimewahi kukatikiwa breki kwenye mteremko na mzigo wa mahindi nyuma yangu, na nawaambia ile siku ilikuwa na nafuu. Nikarudi kibarazani, nikasema, "Bibi, jua limeshakuwa kali. Tusie kesho."

Akasema sawa. Mimi nikazunguka mbele haraka, nikavaa miwani, nikapiga magoti kwenye ile kona. Upepo umeshapita, kuku wameshachakura. Nilikusanya mbegu tatu, na mbili nilipozitazama vizuri zilikuwa mchanga. Nikakaa chini nimeshika kichwa. Kisha nikawaza, mbegu ni mbegu, ikipata maji itaota, haijui kama iko kwenye kitalu au kwenye ukuta. Alfajiri iliyofuata nikachukua ndoo, nikaenda kumwagilia ile kona na ukuta wote wa pembeni. Na kesho yake. Na kesho kutwa.

Bibi kila siku anauliza ngogwe. Mara nikasema kuna upepo. Mara mgongo unaniuma. Mara nikamwambia nimesikia redioni mvua za mwaka huu zitachelewa, uongo mtupu, Mungu anisamehe. Nikimwangalia pale kwenye kiti, mguu ameunyoosha mbele, naona aibu mpaka naondoka.

Alfajiri ya nne jirani alinikuta. Anapita barabarani, anaona mzee mzima anamwaga maji chini ya ukuta palipo patupu, hakuna hata jani. Akasimama. "Mzee shikamoo! Unamwagilia nyumba? Unataka iote ghorofa?"

Nikamwambia aende zake. Hakwenda zake, alikwenda kibarazani. Nikasikia kicheko chake, halafu sauti ya bibi, "Babu! Njoo hapa."

Jirani alipoona uso wangu aliaga mwenyewe. Nikasimama mbele ya kiti cha bibi, kofia mkononi, nikasema yote. Majivu, chungu, kona, makapi ya ufuta, uongo wa redio. Sikuficha hata kimoja.

Hakupiga kelele. Ningeomba apige kelele. Alisema tu, "Mbegu za mama," taratibu, akashika pindo la kanga akajifuta uso. Mimi nikasema nisamehe. Nilimpenda na kumwonea huruma, na nilijichukia mimi na ule utaratibu wangu wa kugonga vyungu makalio.

Halafu akauliza, "Ulianzia wapi?"

"Kona ya jiko."

"Ukaishia wapi? Chungu kiliisha wapi?"

"Kona ya mbele, barabarani."

"Mbegu zilikuwa chini. Basi ziko huko mwisho." Alikuwa anahesabu kwa macho, ule ukuta mzima. "Umezimwagia maji?"

"Kila siku."

"Kwa kopo?"

"Kwa ndoo."

"Kwa ndoo!" Hapo sasa sauti ilirudi. "Mungu wangu, babu, mbegu ndogo vile unazimwagia kwa ndoo? Umezizika! Umezisukuma mpaka kwa jirani! Huko si kumwagilia, huko ni kuosha lori! Hebu nipe hiyo fimbo."

"Ipi?"

"Una ngapi?"

Nikampa. Akashika mpini kwa mkono mmoja, bega langu kwa mkono mwingine, akashuka kwenye kibaraza. Kupita ndani ya nyumba hakutaka hata kusikia, maana mlango wa mbele una ngazi tatu. Akafuata ukuta. Hatua moja, anapumua, hatua nyingine, anapumua, ananitukana kidogo, hatua nyingine. Tulifika kona ya jiko tu, akaishiwa nguvu. Nikakimbia kuleta ndoo, nikaigeuza, akaikalia. Siku ya pili tulifika kwenye mpapai, mimi nyuma yake nimebeba ndoo ya kukalia. Siku ya tatu alifika kona ya mbele. Akatazama ile ardhi niliyoiharibu, akachokonoa kidogo kwa ncha ya fimbo, akasema, "Lete nyasi. Chache. Na hao kuku wafungie, tena leo."

Tangu hapo hakuniamini tena na maji. Asubuhi ananifuata kuona namwagilia kwa kopo au kwa ndoo. Jioni ananifuata kuona kama nyasi hazijapeperuka. Mara mbili kwa siku, kona ya jiko, mpapai, kona ya mbele, na kurudi. Jirani alipomkuta njiani alirusha mikono juu, "Mayu! Unatembea!"

"Sitembei mimi," bibi akamjibu. "Nakagua kazi."

Miezi yote ile nimebembeleza, nimefoka, nimeweka soda mwisho wa kibaraza, na mwanamke hakunyanyuka. Sasa nafuata na ndoo nyuma, na siku moja nikagundua ndoo hajaikalia tangu juzi. Sikusema. Niliogopa nikisema atakumbuka kuogopa.

Lakini ngogwe hazikuota. Wiki ikapita. Viliota vitu vingine, majani ya ovyo, na kila kimoja alikiinamia, akakisugua kidoleni, akakinusa, akakitupa. Uso wake ulianza kuchoka. Ijumaa alisema, "Zikifika Jumapili bado, zimeungua." Akasema hivyo bila kugombana na mtu, na hilo ndilo lililoniuma. Nilimwagilia Ijumaa ile na Jumamosi kwa kopo, nimechutama, nikizisemesha zile mbegu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Jumapili nilikuwa ndani nafunga vifungo vya shati la kanisani, nikasikia anaita, "Babu! Babu we!" Sauti imetoka mbele ya nyumba. Mbele! Amekwenda peke yake. Nikajua ameanguka. Nikatoka kwa mlango wa mbele, ngazi tatu zote nikaziruka, shati wazi. Nikamkuta amesimama wima, fimbo ameinyoosha chini kama mwalimu anayeonyesha ubaoni.

"Hiyo," akasema. "Na hiyo. Na hizo mbili pale."

Nikavaa miwani. Vijani viwili viwili, juu ya shingo nyembamba kama uzi, vimejipenyeza kati ya nyasi. Tulihesabu tisa. Nyingine zilikuwa zimeota nje ya mstari, hatua moja upande wa barabara, huko ndoo yangu ilikozisukuma. Bibi akainama, mkono mmoja ukutani, akagusa kimoja na kidole. Akalia, na huku anacheka. Mimi nikaangalia barabarani nikajidai kuna mtu nimemwona. Kanisani tulichelewa, na padri akatuangalia, na hatukujali.

Miche ile ilibaki pale pale, maana alisema ukiihamisha kwenye jua la Oktoba itakufa. Ikabidi kona ya mbele ya nyumba yetu iwe kitalu, wapita njia wanauliza, jirani anawajibu kwa niaba yetu kwamba hapo ndipo mzee alipopanda ghorofa. Jua lilikuwa linawaka ukutani na kurudi chini, na kila mchana miche inalegea. Nilijaribu kuweka kichanja, upepo wa barabarani ukakiangusha. Nikasema kesho nitakijenga upya, kwa fito nzito.

Kesho yake ndiyo siku ninayotaka kumalizia. Nilikwenda kuchota maji, foleni ilikuwa ndefu, jua likanikuta huko. Nikarudi nasukuma baiskeli na madumu yangu manne. Nilipofika karibu na nyumba nikaona kitu kwenye ile kona. Fimbo ya bibi. Imechomekwa ardhini, imekita vizuri, na kanga yake kuukuu imefungwa kwenye mpini, pindo moja limebanwa na jiwe chini ya ukuta. Chini yake miche yote tisa imekaa kivulini.

Fimbo iko hapa. Yeye yuko wapi?

Niliiachia baiskeli, dumu moja likapasuka, sikuligeukia. Nikapita mpapai. Nikapita kona ya jiko. Kile kiti kitupu. Nikaita, na sauti ikatoka nyembamba, "Bibi!"

"Nini na makelele hayo?"

Alikuwa jikoni. Amesimama mbele ya mafiga, mwiko mkononi, anasonga ugali. Mikono yote miwili kwenye mwiko, miguu yote miwili imekanyaga chini.

"Fimbo yako," nikasema. "Mbona umeiacha kule?"

Akageuza ugali, akaupiga mgongo wa mwiko, wala hakunitazama.

"Nimewaazima ngogwe. Wao ndio bado hawajajua kusimama. Maji umeleta?"

Nilirudi kibarazani nikakaa kwenye kiti chake, maana miguu yangu ndiyo ilikuwa imeniishia, na nikalia mpaka aliponiita kula.